Samaki mdogo au samaki mtoto? Jibu kwa mama lishe anayenunua Feri

Swali: Mimi ni mama lishe wa Mbagala. Nanunua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, mara tatu kwa wiki: changu, tasi, vibua, na pweza mwisho wa wiki. Siku hizi mafungu yamejaa samaki wadogo, wengine hawazidi kidole. Mteja mmoja kaniambia sisi ndio tunaoimaliza bahari. Nitajuaje wa kununua na wa kuacha? Na nikiacha mimi, si atachukua mwenzangu? Halafu shemeji yangu yupo Muscat, anasema kuna miezi nguru hapatikani kabisa, anataka kujua kwa nini.

Jibu: Mama, usianze na jina la samaki. Anza na fungu lenyewe, ulitazame kabla hujauliza bei.

Ukikuta fungu moja lina tasi wawili, changu watatu, mkundaji, kangaja, pono mchanga na vingine usivyovijua, vyote vya urefu wa kidole hadi kiganja, hilo karibu kila mara ni fungu la kokoro. Mnyanyue samaki mmoja umfungue shavu: utaona mchanga umeganda kwenye matamvua. Magamba ya ubavuni yamekwanguka kwa kusuguana wavuni, na mara nyingi kuna nyuzi za majani ya bahari zimenasa kwenye mapezi. Majani hayo ndiyo yanayokuambia alikotoka. Juya la kokoro hukokotwa chini kabisa, karibu na ufuko, juu ya malisho ya majani ya bahari ambako changu, tasi na wengi wa mwambani hulelewa kabla ya kuhamia kwenye matumbawe. Kwa hiyo kinachouzwa pale ni watoto wa aina zote kwa mpigo mmoja, ambao wangeachwa wakomae wangekuwa na uzito mara nyingi zaidi na wangekuwa wametaga. Kokoro limepigwa marufuku baharini Tanzania, na Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, lakini linaendelea kwa sababu fungu lake ni la bei rahisi na halikosi mnunuzi.

Sasa, si kila mdogo ni mtoto, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanapokosea. Dagaa mchele hata akizeeka ni wa urefu wa kidole. Hukomaa akiwa na miezi michache, hutaga, na maisha yake hayachukui muda mrefu. Bahari humrudisha haraka. Huvuliwa usiku kwa taa wakati wa giza la mwezi, na mbalamwezi ikiwa kali boti nyingi hulala, ndiyo maana bei yake hupanda na kushuka kufuata mwezi. Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, na magunia mengi husafiri hadi Kongo. Mpike bila wasiwasi. Kitu kimoja tu cha kukagua: chota kiganja kimoja kutoka kwenye ndoo ukitandaze. Dagaa wakiwa wa umbo moja, sawa. Ukiona kati yao vibua vya urefu wa kidole na vichangu vyenye macho makubwa, wavu ule ulishushwa maji mafupi, na hiyo ndoo ni kokoro kwa jina jingine.

Kwa samaki wa kawaida, kipimo unacho mkononi. Shubiri ya mwanamke mtu mzima ni kama sentimita 20. Ipime yako mara moja kwa rula ya shule, ukishajua huhitaji kitu kingine sokoni. Pima kuanzia mdomo hadi kwenye panda ya mkia, si hadi ncha za mkia. Kibua awe shubiri moja au zaidi. Tasi, shubiri moja na vidole viwili. Changu ni jina la ukoo lenye aina nyingi na kila aina ina urefu wake wa kukomaa, lakini shubiri moja na vidole vinne itakuweka upande salama kwa wengi wanaoletwa Feri. Chewa asipungue shubiri mbili. Nguru, shubiri nne. Vipimo hivi si vya sheria, ni vya kukuhakikishia kwamba samaki alipata angalau nafasi ya kutaga.

Usiende pia upande wa pili ukawa unatafuta jitu. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadaye hugeuka madume, na aina kadhaa za changu ni hivyohivyo. Ukiondoa wakubwa wote kwenye mwamba mmoja umeondoa madume karibu yote. Kwa samaki wasiogeuka, jike kubwa hutaga mayai mengi kuliko majike madogo kadhaa yenye uzito uleule yakiwekwa pamoja. Kwa biashara yako changu wa kati, kilo moja hivi, ndiye anayefaa zaidi. Akitolewa magamba, matumbo na mapezi hubaki na gramu 800 na kitu. Kichwa weka kwenye supu, mwili ukate vipande vitano vya gramu 120. Linganisha na fungu la watoto, ambalo nusu ya unachokilipia ni miiba na vichwa visivyoliwa, na mafuta ya kukaangia yanaisha kabla ya samaki.

Swali la pili la kumuuliza mchuuzi ni chombo kilichomvua. Usimuulize "huyu wa mshipi?", maana atasema ndiyo hata kama si kweli. Muulize "huyu kavuliwaje, na wapi?" kisha umtazame samaki mwenyewe. Wa mshipi ana jeraha dogo pembeni mwa mdomo, na magamba yake ni kamili. Wa dema, yaani mtego wa kusukwa, hana alama ya wavu wala ndoana, na mara nyingi huwa bado mbichi kabisa kwa sababu alikaa hai ndani ya dema hadi likapandishwa. Wa nyavu ya kutega ana mstari uliobana nyuma ya matamvua, na wenzake kwenye fungu wanalingana naye kimo, kwa kuwa jicho la wavu hunasa kimo fulani na kuacha wengine wapite. Hao watatu ndio wa kuwapendelea. Mshipi ndio bora wote kwa samaki wa mwambani. Dema nalo ni zuri, hasa yale yaliyoachwa upenyo mwembamba pembeni wa sentimita 3 au 4 ili wadogo watoke. Hayo yamejaribiwa Pwani ya Kenya na wavuvi wameendelea kupata wakubwa wao kama kawaida.

Mabomu yanataka jicho kali zaidi. Tangu msako ulipokazwa katikati ya miaka ya 2010 yamepungua sana katika pwani ya Tanzania, lakini hayajaisha, na samaki wake huchanganywa na wengine ili wasijulikane. Kwa nje anaweza kuonekana mzuri kabisa. Mwombe mpara samaki akupasulie mmoja kabla hujalipia fungu zima. Hakuna muuzaji mwenye samaki safi atakayekukatalia. Wa bomu akipasuliwa, damu imetapakaa tumboni na kuganda kando ya uti wa mgongo, kibofu cha hewa kimechanika, mbavu zimeachana na nyama, na mara nyingine uti umevunjika. Nyama yake ni teketeke na hata ukimkaanga humeguka mafutani. Samaki aliyeshinda juani naye hulegea, kwa hiyo ulegevu peke yake si ushahidi. Damu iliyotapakaa pamoja na mbavu zilizoachana, hapo usibishane na mtu, rudisha. Waangalie hivyo hasa mbono, vibua na sehewa, kwa sababu mpiga bomu hulenga samaki wanaokwenda kwa makundi. Bomu moja likishavunja tumbawe hubaki kifusi, na kifusi hicho hutembezwa na mawimbi, hivyo vitoto vya matumbawe haviwezi kushika mahali pamoja vikakua. Mwamba wa namna hiyo unaweza kukaa miongo bila kurudi.

Pweza ni habari njema, ukifuata sharti moja. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza chini ya gramu 500. Pweza wetu wa mwambani huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu, na akiwa mchanga hukua kwa kasi ya ajabu: anaweza kukaribia kuongeza uzito wake maradufu ndani ya mwezi. Mwenye gramu 300 leo, akiachwa maji mawili au matatu ya bamvua, anakuwa pweza wa kuuzika. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai pangoni bila kula, kisha hufa, kwa hiyo kumchukua kabla hajataga ni kuchukua kizazi kizima. Kwa sababu ya kasi hiyo, vijiji kadhaa Pemba, Mafia na Songosongo vimekuwa vikifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi mitatu hivi, kisha kufungua siku moja kwa wote, mtindo uliopata umaarufu kusini-magharibi mwa Madagaska mwaka 2004. Mchuuzi wako akikwambia pweza hawa ni wa siku ya kufungua, wachukue na ulipe vizuri. Nenda na mizani yako ndogo. Na umtazame kabla hajapimwa: pweza aliyelowekwa kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi hunyonya maji na kuongezeka uzito, ngozi yake huwa imefifia na kuteleza kupita kawaida, na ukimchemsha atanywea akuachie sufuria ya maji.

Kuna wa kuacha hata wakiwa wakubwa na bei ikiwa nzuri. Papa na taa ndio wa kwanza. Papa huchelewa kukomaa, wengine hadi zaidi ya miaka kumi, na huzaa watoto wachache, kwa hiyo hawawezi kustahimili kuvuliwa kama dagaa. Najua ng'onda ya papa ina wapenzi wake, na sisemi aliyezoea kuila mara moja kwa mwaka ajione mhalifu, lakini usiiweke kwenye menyu ya kila siku. Papa mwenye kichwa cha nyundo muache kabisa. Biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 2014 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Pono nunua mara moja moja. Huyu hukwangua mwani juu ya matumbawe, na mahali alipokwisha, mwani huufunika mwamba.

Kamba kochi umgeuze umtazame chini ya mkia. Ukiona shada la mayai ya rangi ya chungwa, usimguse. Wapo wanaoyakwangua ili auzike: vimanyoya vya chini ya mkia huwa vimechakaa na kubaki na utando unaonata. Kaa wa mikoko vivyo hivyo, chukua dume, lenye kifuniko chembamba cha pembetatu tumboni. Jike kifuniko chake ni kipana cha mviringo. Kasa sitamzungumzia kwa upande wa bahari peke yake, ingawa analindwa na sheria. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama yake, na wengine wengi walilazwa. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha.

Sumu nyingine isiyotoka kwa kupika inakuhusu wewe moja kwa moja, kwa kuwa unauzia watu. Vibua, sehewa, jodari na nguru wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Anayemla uso humwiva na kumwasha, kichwa humgonga, midomo humchonyota, pengine ndani ya nusu saa tu, na watu husema "ana aleji ya samaki" kumbe samaki alilala juani. Kumkaanga hadi akauke hakusaidii, histamini inabaki palepale. Kinga ni barafu tangu dakika unayolipa. Beba boksi la barafu lenye tundu la kutolea maji, weka kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na upange tabaka kwa tabaka: barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu juu. Maji yaliyoyeyuka yatoke, usiache samaki waogelee humo. Toa matamvua na matumbo kabla ya kuanza safari ikiwa foleni ya Kilwa Road ni ile unayoijua. Samaki anayetupwa jalalani saa tisa mchana ameuawa bure, na kwa vibanda vingi vya chakula upotevu huo ni mkubwa kuliko kosa lolote la kuchagua aina. Nunua wa siku moja, si wa siku tatu, kama huna jokofu la uhakika.

Menyu yako iyumbe na pepo. Wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari huwa tulivu kiasi na vyombo vidogo hufika nje ya mwamba. Hapo vibua, sehewa na wengineo wa maji makuu ndio wabebe biashara. Kusi ikikaza, Juni hadi Agosti, wengi hubaki ndani ya mwamba, na ndicho kipindi mafungu ya watoto huongezeka sokoni. Miezi hiyo tegemea dagaa wakavu na sato. Sato wa bwawani ni sawa. Wa Ziwa Victoria asipungue sentimita 25, na sangara asiwe chini ya sentimita 50. Mteja akizoea kwamba Julai kwako kuna dagaa wa nazi, hatauliza changu.

Sasa lile la "atachukua mwenzangu". Kwa fungu la leo, ndiyo, atachukua, na sitakudanganya. Lakini mchuuzi wa Feri haishi kwa fungu la leo, anaishi kwa mteja anayerudi. Wengi wao ndio wanaowakopesha wavuvi mafuta na barafu, na kwa mkopo huo huamua samaki gani watapelekewa. Kwa hiyo chagua wachuuzi wawili, si kumi. Waambie wazi: nataka changu wa mshipi au wa dema, kilo moja hivi, idadi fulani, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wadogo kuliko shubiri na vidole vinne sichukui hata kwa nusu bei. Kisha ushike neno lako, hasa siku wakubwa wakiadimika, kwa kuwa siku hiyo ndiyo wanayokupima. Mkiwa mama lishe wanne au watano mnaonunua pamoja, agizo lenu linatosha kumfanya mtu abadili shughuli zake. Ukipata nafasi, nenda pia moja kwa moja kwenye diko kama Kunduchi chombo kinapoingia, umuulize kiongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa ufuko huo, nani anavua kwa mshipi. Wanajuana kwa majina.

Kuhusu shemeji yako: Oman hufunga uvuvi wa nguru kila mwaka kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba, ili azaane na wachanga wakue. Nguru ni samaki wa safari ndefu, na tathmini za Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, zimewahi kumweka miongoni mwa wanaovuliwa kupita kiasi. Miezi hiyo marufuku inagusa pia kuuza na kusafirisha, si kuvua tu. Akiona nguru mbichi sokoni Septemba, aulize ameingizwa kutoka wapi na aoneshwe karatasi. Na asikubali vipande vilivyotolewa ngozi: sehewa akikatwa hivyo huuzwa kwa jina la nguru, ila nyama yake ni nyekundu iliyokolea, ya nguru ni nyeupe yenye ukijivu.